Pua ya Lori la Buhinyuza

Jumatatu, 9 Juni

Nimefika Buhinyuza. Mgongo umekwisha! Gitega hadi Muyinga nimekaa juu ya mifuko ya saruji. Muyinga hadi huku ni pikipiki, na dereva wake kanishusha akaniambia wazi: mafuta ndiyo haya ya mwisho, usiningoje nije kukuchukua. Haya. Kazi yenyewe ya siku nne tu. Nitarudi na lori lao lenyewe likienda Gitega.

Daftari hili ni la Farida la shule, karatasi nyingi hazijaandikwa. Riziki kalitia kwenye mfuko wangu wa spana. Kasema: mume wangu, ukiwa ugenini unaongea na vyuma peke yako, watu watakuona mwehu, heri uongee na karatasi. Mke wangu ana maneno!

Ijumaa ya tarehe 20, baada ya swala, Farida anaolewa. Binti yangu wa pekee. Mimi ndiye walii wake, mimi ndiye nitakayetamka mbele ya sheikhe. Wakwe hawataki siku isogezwe hata moja, maana Muharamu inaingia wiki inayofuata na kwao hawaozi mwezi huo. Leo hadi hiyo Ijumaa ni siku kumi na moja. Nafasi ipo, hata ya kulala.

Walioniita ni ushirika wa wakulima. Wengi walikulia Tanzania, kambini, wakarudi wakubwa. Kiswahili chao kimenyooka mpaka naona haya kufungua mdomo. Nimepangiwa kulala kwa Kasiano, katekista, mtu mpole, sauti ya chini. Dereva ni Manase, ana bega bovu la kulia. Mwenyekiti ni mama Gaudensia. Huyu si mpole.

Na lori sasa! La zamani, pua ndefu, lilikuwa la wajenzi wa barabara huko Tanzania. Mbele wamelifunga vipande viwili vya reli ya treni kama bampa. Juu ya reli, winchi. Juu ya winchi, gurudumu la akiba. Resori za mbele, springi zake, zina lame saba kila upande, vyuma bapa vilivyobebana, vimepinda juu. Pua imeinuka kama mtu anayenusa kwa jirani kunapikwa nini.

Januari sokoni lilimkanyaga mbuzi wa Gaudensia, na yeye mwenyewe akaponea kwenye mtaro. Manase hakuwaona, kutoka kitini hauoni kitu kilicho karibu mbele yako. Basi wanawake wa ushirika wakaapa: hakuna gunia la mwanamke litakalopanda lori hili mpaka pua ishuke. Miezi mitano sasa maharagwe yako majumbani. Nimeuliza wanataka ishuke sentimita ngapi. Gaudensia akachukua kigoda, akaenda kukaa hatua tatu mbele ya reli, umbali ule ule alipofia mbuzi wake. Kasema: kipimo ni mimi, dereva akiniona hapa nilipokaa, kazi imekwisha.

Sijawahi kupewa kipimo kinachonikodolea macho.

Jumanne, 10 Juni

Nimeanza na uzito. Winchi chini, gurudumu chini, reli zote mbili chini. Watu sita kwa kila reli! Hizo reli zilikuwa benchi la wazee wa kilima hiki, tangu lori lilale bila kazi hukaa hapo asubuhi hadi jioni. Wamesimama wananitazama kama nimewabomolea nyumba.

Halafu aibu. Nilipoondoa jeki, pua ikapanda. Vidole vinne! Mzigo ukitoka mbele, resori huinuka, kila mwanagenzi anajua. Mimi nilijua pia, ila nilidhani itapanda kidogo tu. Gaudensia kwenye kigoda chake kapotea kabisa, Manase kachungulia kila upande hamwoni. Wazee wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Umeipandisha, fundi! Tumekuita uishushe!

Nikacheka nao. Rohoni nilikuwa nachemka.

Jumatano, 11 Juni

Leo lame. Nimefungua resori zote mbili. Nimetoa lame moja kila upande, nikarudisha resori, nikashusha jeki. Manase kaona ncha ya kilemba cha Gaudensia. Nikatoa ya pili. Kaona kilemba chote na paji la uso. Hapo ningeweza kuacha, ningemwambia mama asogeze kigoda nusu hatua na kazi ingekwisha. Lakini wale wazee walikuwa wamesimama. Nikatoa ya tatu.

Pua ikashuka vizuri sana. Manase kapiga kelele kutoka kitini: nakuona mama, nakuona hadi viatu! Wanawake wakapiga vigelegele. Gaudensia hakucheka, ila kaja kanipa mkono. Mkono mgumu kama spana.

Nimebaki na lame nne. Zinatosha. Lori mbele ni jepesi sasa, reli hakuna, winchi hakuna. Zinatosha!

Najua kwa nini naandika mara mbili. Kaka yangu Kassimu. Tunafanya kazi moja, mtaa mmoja, na miaka mitatu hatusalimiani. Siku ile mteja alileta lori nililolitengeneza mimi, Kassimu akalitazama chini, akasema mbele ya watu wote: Twaha hapunguzi lame, ananyoa. Tangu hapo Gitega nzima ninaitwa Kinyozi. Watoto wa shule wananiita Kinyozi! Na kaka yangu wa damu ndiye aliyenibandika.

Zinatosha.

Alhamisi, 12 Juni

Marehemu baba alitufundisha: lame iliyotoka hailali chini ya lori ilikotoka. Inapewa mhunzi wa mahali unapofanyia kazi, ageuze jembe, na jembe la kwanza linakwenda kwa mwenye lori. Ukiibeba kurudi nayo, unabeba mkosi wa safari ya watu. Sijawahi kuvunja desturi hii. Nimempelekea Eliud, mhunzi wa hapa, lame zote sita. Kazishika kama mtu aliyepewa nyama ya sikukuu. Chuma hiki hakipatikani huku. Kufikia jioni majembe mawili tayari, la kwanza la Gaudensia.

Reli moja wameiomba kwa ajili ya kanisa lao dogo. Kengele yao ilikuwa rimu iliyopasuka. Nikasema chukueni, haina kazi tena. Mimi mwenyewe nimeitoboa tundu, nimeitundika kwa mnyororo, Muislamu mzima! Kasiano kafurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Reli ya pili Eliud ameiweka kwenye karakana yake iwe fuawe. Winchi imekwenda kwa mtu wa ng'ambo ya mto, wamebadilishana na matairi mawili mazuri ya mbele.

Nimemaliza kabla ya siku. Nikauliza, tunaondoka lini? Kasiano akanieleza taratibu. Ushirika una pipa moja tu la mafuta ya lori, mazutu, liko chumbani kwa Gaudensia chini ya ufunguo. Linatosha safari moja. Kwa hiyo lori haliondoki mpaka magunia ya kila nyumba yafike, na hata kulijaribu barabarani hairuhusiwi. Maharagwe yanakwenda kwenye shule moja ya masista huko Mushasha, Gitega, wanapokea hadi Ijumaa ya wiki ijayo jioni. Tutaondoka Jumanne, kasema. Au Jumatano.

Ijumaa, 13 Juni

Sikupata swala ya Ijumaa. Msikiti hakuna hadi Muyinga. Nimeswali peke yangu nyuma ya lori, kwenye kivuli. Watoto wamekaa wananitazama, wamenyamaza kwa adabu.

Kasiano kanunua kuku. Kaja na kuku na kisu, kanikabidhi vyote viwili. Chinja mwenyewe, ndugu yangu, ule kwa amani. Nimeguswa, sitaficha. Siku nne nimekula maharagwe ya watu wanaosubiri kuyauza.

Jumapili, 15 Juni

Nimeamshwa na reli. Inalia! Sauti inakwenda hadi mtoni. Padri alikuja na pikipiki yake, akaimwagia maji ya baraka, wakaimba saa nzima. Wamenipigia makofi mimi niliyekuwa nimesimama nje.

Mtandao haushiki popote ila juu ya bodi la lori. Nimepanda, nimesimama juu ya mbao kama jogoo, nimempata Riziki. Nguo ya Farida imeshonwa. Turubai bado. Kauliza Jumanne ni hakika? Nikamwambia hakika.

Jumanne, 17 Juni

Hatujaondoka. Nyumba kumi na moja bado hazijaleta. Kuna mzee anapembua maharagwe yake moja moja!

Nimetafuta pikipiki. Zipo tatu, zote kavu, zimeegeshwa kama mbuzi waliofungwa. Baiskeli hadi Muyinga naweza, halafu? Muyinga kwenyewe magari yamelala kwenye foleni ya kituo cha mafuta wiki ya pili. Nimeanza kuhesabu kwa miguu. Siku tatu, nne. Nikacheka mwenyewe, nikaona sicheki kweli.

Nimepanda juu ya lori tena. Riziki kanipa habari kwa kuzunguka zunguka, nikajua kuna kitu. Kassimu amekuja nyumbani! Kaleta turubai, kafunga mwenyewe, kakaa kanywa chai. Miaka mitatu hajakanyaga kwangu. Nikamuuliza nani kamwita? Kasema hakuna aliyemwita, ni baba mkubwa wa bibi harusi, aje kuitwa na nani. Nikakata simu. Nikajuta, nikapiga tena, mtandao umekwenda.

Kilima hiki ni kizuri, watu ni wazuri, na mimi nataka kukimbia kama mwizi. Nimefungiwa na ukarimu. Kila nyumba nikipita naitwa ndani.

Jumatano, 18 Juni

Wameanza kupakia. Na mimi leo nimejua nilichofanya.

Bodi la lori hili wameliongeza nyuma kwa miti ya mikaratusi, karibu mita mbili, imening'inia nje ya magurudumu ya nyuma. Nililiona siku ya kwanza. Sikulifikiria. Nilikuwa natazama pua! Sasa magunia yamejaa hadi kule nyuma, mkia umekaa chini, na pua imeinuka. Si sana. Vidole viwili. Manase bado anamwona Gaudensia. Kila mtu ameridhika.

Wakampa Manase mazutu kidogo asogeze lori kutoka kwenye uwanja hadi barabarani. Kageuza usukani kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa bega bovu! Kashuka anacheka, kanikumbatia. Fundi, usukani laini, tangu nilijue lori hili sijaona, umenitibu bega.

Nimeinama kutazama tairi. Usukani haukuwa laini. Tairi za mbele hazikukandamiza ardhi. Zile reli na winchi ndizo zilizokuwa zinaushikilia mkia usiivute pua juu. Mimi nimeziondoa. Mpando mmoja mkali, kona moja, Manase atageuza usukani na lori litakwenda mbele moja kwa moja. Na hizo lame nne zikipigwa na shimo kwenye mteremko, pua inalala, breki ikikamatwa inavuta upande.

Manase akaniuliza mbona nimekunja uso. Nikasema jua.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi nimekwenda kwa Eliud. Nimeuliza lame zangu. Kanionyesha shamba: wanawake sita kwenye mstari, wanalima. Lame zangu zinapanda zinashuka, zinang'aa. Kauliza nahitaji jembe?

Reli yake ameichimbia nusu ardhini, amejengea na mawe na udongo. Nikaenda kutazama ya kanisa. Nimesimama chini yake kama ombaomba. Kasiano kanikuta, kaniuliza ninawaza nini. Niliyeitundika ni mimi. Imebarikiwa, imeimbiwa. Ningesema nini? Nirudishieni? Nikamwambia inalia vizuri. Kasema, kila asubuhi ikilia tunakuombea wewe na binti yako.

Nimejaribu njia ya pembeni. Nimewaambia wapakiaji: magunia mazito yasogee mbele, karibu na kabini, mkia ubaki mtupu. Wakanisikia, walisogeza hata thelathini. Pua ikashuka kidole. Nikapumua. Mchana nikaenda kuswali. Niliporudi mkia umejaa upya, magunia ya zile nyumba zilizochelewa, magodoro mawili, mbuzi, na watu wamekwisha kuweka vikapu vyao kushika nafasi. Watu kumi na wanne wanapanda, akiwemo Kasiano, na mkewe na mtoto mgongoni. Nikamwambia Gaudensia mkia ni mzito. Kaniuliza: je, lori halitafika? Swali jepesi. Jibu lake lilikuwa mdomoni.

Nikasema litafika, twende taratibu.

Nimesema hivyo! Kwa sababu kesho ni Ijumaa. Kwa sababu nikisema haliendi, na mimi siendi. Farida amenunuliwa viatu vyeupe, Riziki kaniambia kisigino chake kirefu mno ataangukia watu. Nataka kumwona akitembea na viatu hivyo. Naogopa. Naandika wazi hapa maana hapa hakuna wa kusoma: naogopa lori langu mwenyewe.

Ijumaa, 20 Juni

Saa tatu asubuhi, Muyinga, kando ya barabara.

Tumeondoka saa kumi na mbili. Nimekaa kabini kati ya Manase na Gaudensia, kanzu yangu imekunjwa kwenye mfuko mapajani. Njia ya vumbi yote nimeshika dashibodi. Manase kaimba. Usukani laini!

Mpando wa mwisho kabla ya mjini, kona ya kushoto. Manase kageuza. Lori halikusikia. Likaendelea mbele, taratibu, kama ng'ombe asiyetaka zizi, moja kwa moja kwenye ukingo. Kafunga breki, mzigo ukaja mbele, tairi zikauma, tukasimama. Gurudumu la kulia lilikuwa shibiri moja kutoka kwenye mtaro, na mtaro huo ni mrefu kuliko mimi. Juu watu walikuwa wanacheka, walidhani tumesimama kumpisha mtu. Manase katoka jasho. Kasema ni vumbi, vumbi linateleza.

Si vumbi.

Sasa tuko kwenye lami. Mbele ni mteremko wa kwenda mto Ruvubu, halafu kupanda hadi Karusi, kona juu ya kona. Manase anakaza mizigo. Nikinyamaza, saa saba niko Gitega. Nimeoga, nimevaa kanzu. Huenda litafika. Malori mabaya kuliko hili yanafika kila siku.

Mtoto wa mke wa Kasiano anaitwa Upendo. Nimejua leo tu. Amenipungia mkono kutoka juu.

Saa tano.

Nimesema.

Nimewaambia wote washuke, nikasema mbele yao. Kwamba usukani ni mwepesi kwa sababu pua haina uzito. Kwamba nilikata lame ya tatu kwa sababu wazee walinicheka. Kwamba jana niliposema litafika nilikuwa najua. Hili la mwisho lilikuwa gumu kutoka kama boliti yenye kutu.

Wakaanza wote kwa pamoja! Nimewaambia dawa: magunia yote ya mkiani yashuke, yabaki hapa Muyinga, na watu wasipande. Lakini magunia ya nani? Ushirika wao una sharti, safari ya kwanza kila nyumba gunia lake lifike au hakuna linalofika. Waliliweka wenyewe ili wakubwa wasiwapite wadogo. Na mazutu ni ya safari moja, magunia yakibaki hapa yamebaki. Na masista wanapokea hadi leo jioni. Manase kasema kwa uchungu, mbona bega langu limepona? Gaudensia hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema: "Miezi mitano tumengoja, fundi. Tulikuuliza jana kama litafika. Wewe ukatujibu nini?"

Nikasema nilijibu litafika.

"Basi litafika."

Kasiano peke yake kasema kwa ile sauti yake ya chini: mtu mwenye harusi ya binti yake saa nane hawezi kusimamisha lori bure. Hawakumsikiliza. Wamekaa chini ya ukuta wa duka wanabishana. Mimi nimeachwa huku kama mgonjwa wa kuambukiza.

Saa saba na nusu.

Huku mtandao upo tele. Nimempigia Riziki, simu kapokea Farida. Nasikia nyuma yake wanawake wanaimba.

"Baba, iko wapi?"

"Muyinga."

"Ni mazutu?"

Kila mtu nchi hii akichelewa anasema mazutu. Neno liko tayari, unalichukua tu. Nikamwambia si mazutu. Nikamwambia mwanangu, nilikata lame nyingi, lori halifai, siwezi kufika. Alikuwa anapumua tu. Nikadhani analia, huenda alikuwa analia. Halafu kasema, "Mpe baba mkubwa uwakili, baba. Iko hapa." Simu ikabadilika mkono. Hakuna salamu.

"Umekata ngapi?"

Miaka mitatu, na neno la kwanza la kaka yangu ni hilo.

"Tatu. Kila upande."

"Na chuma ya mbele?"

"Nilitoa yote."

"Mkia iko mrefu?"

"Iko mrefu, Kassimu."

Nilingoja anicheke. Nilikuwa tayari, hata nilikuwa nataka. Mchuma janga hula na wa kwao, leo janga langu wamelila hadi bibi harusi. Hakucheka. Kasema, "Twaha, usipande hiyo kamyo. Unasikia? Na wale watu wasipande. Bon. Sema sasa, sheikhe iko hapa karibu yangu, mashahidi wanasikia."

Nikasimama kando ya lami, grisi kwenye vidole, kanzu bado kwenye mfuko. Nikasema: mimi Twaha nimekufanya wakili wangu wewe, kaka yangu Kassimu, umwoze binti yangu Farida. Jina lake nililitamka chini mno, sheikhe akaniomba nirudie. Nikarudia. Kassimu kasema nimepokea. Halafu, chini chini, ili wengine wasisikie: usikate simu, iache hivyo usikilize.

Saa nane kasoro dakika kumi.

Injini imewaka nyuma yangu. Wameamua bila mimi. Watu wanapanda, mke wa Kasiano ameshapandishwa, mtoto anapokezwa kwa mikono. Kasiano amesimama mlangoni anamshika Manase mkono, Manase anajinasua kwa upole. Gaudensia ameshakaa kabini.

Nimekimbia nikaja mbele. Nimekaa chini kwenye lami, hatua tatu kutoka kwenye pua ya lori, pale ambapo Gaudensia angeweka kigoda chake. Daftari liko juu ya goti, simu iko kwenye mfuko wa shati, hewani. Naandika mbio, herufi hizi sijui kama nitazisoma. Watu wa Muyinga wanakusanyika. Mmoja kauliza huyu amelewa?

Manase amepiga honi. Nimeinua kichwa. Ananiona. Ananiona mzima, kofia hadi viatu, na kando yake Gaudensia ananiona pia, hasogezi hata kilemba. Hiyo kazi niliifanya vizuri.

Kifuani, kwenye simu, sheikhe anasafisha koo. Honi tena, ndefu. Nimeziba simu kwa kiganja ili wasiisikie huko, na mimi sisogei.